Rangi ya Kucha kwenye Koili

Siku ya kuanua matanga, watu wa mbali wakiwa wameshaondoka na sufuria kubwa zimegeuzwa kifudifudi uani, shemeji yangu Nderingo aliingia sebuleni, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akaniuliza ufunguo wa sanduku la vifaa uko wapi. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Marehemu ni mume wangu Elisante, aliyekuwa fundi magari maisha yake yote, na sanduku lenyewe ni la chuma, la kijani, lililolazwa kila usiku chini ya dirisha la nyumba yetu ya Akheri tangu tulipohamia. Ndugu zake walikuwa wamejipanga kwenye makochi, kila mmoja akilitazama na kujifanya halitazami. Sikuwachukia. Kwetu mtu akifa, macho huanza na kile kilichofungwa. Nilimwambia Nderingo amalize chai yake kwanza, nikaenda jikoni kuongeza maziwa ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilihitaji kupumua, kwa sababu jibu la swali lile lilikuwa fupi sana, ila nisingeweza kulitoa bila kuukumbuka mwaka niliolipata, na mwaka ule sijawahi kumsimulia mtu.

Ulikuwa mwaka wa mwanzo mwanzo wa ruksa, serikali ilipoachia watu walete bidhaa kutoka nje. Nilikuwa nauza spea katika duka moja jirani na soko kuu la Arusha, duka jembamba lenye kaunta ya mbao na harufu ya raba mpya. Kabla ya hapo tulizoea shelfu tupu. Mtu alikuja kuulizia viatu vya breki kwa sauti ya chini, kana kwamba anaulizia habari za mgonjwa. Kisha ghafla mizigo ikaanza kushuka kutoka Dubai na kwingineko, maboksi ya rangi za kung'aa, mengine yakiwa na jina moja lililoandikwa kwa namna tatu tofauti. Ungedhani watu wangefurahi. Walifurahi kidogo, kisha wakaanza kushuku. Walinusa vitu, walivikwaruza kwa kucha, walivipima uzito mkononi, na nilimwona mzee mmoja wa Kisongo akiuma plagi kwa meno. "Hii ni orijino au feki?" waliniuliza. Nilijibu orijino. Walijua nitajibu hivyo, nami nilijua wanajua, kwa hiyo swali halikumsaidia mtu, lakini liliulizwa asubuhi mpaka jioni kama salamu.

Elisante alikuwa na gereji Sakina, kiwanja cha kupanga chenye mti mmoja wa grevilea na banda la mabati. Kulikuwa na benchi refu pembeni, na benchi hilo ndilo lililokuwa moyo wa biashara. Mwenye gari hakuliacha gari akaenda zake. Alikaa pale na kumtazama fundi kuanzia boneti linafunguliwa mpaka linafungwa, maana kila mtu alikuwa na habari ya ndugu yake aliyeacha gari zima na kurudishiwa gari lililobadilishwa tumbo. Na asiyeweza kukaa aliweka alama. Mmoja alikwaruza herufi kwenye kabureta, mwingine alifunga uzi wa rangi kwenye waya, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliandika jina lake lote kwa chokaa juu ya betri. Mafundi wengine walinuna. Elisante alicheka tu. "Waache wakae," aliniambia. "Wakichoka kunichunga wananiagizia chai." Nilimpenda kwa mambo kama hayo. Tulikuwa wachumba, na matangazo yetu ya ndoa yalikuwa yameanza kusomwa kanisani. Kwetu Walutheri yanasomwa Jumapili tatu, na kila mara mchungaji humalizia kwa kuuliza kama yupo mwenye pingamizi, halafu hukaa kimya kidogo, na kimya hicho hakuna bibi harusi anayekisahau.

Chumba changu kilikuwa Kaloleni, kimoja cha kupanga katika nyumba ya vyumba vingi. Kuta ziliishia chini ya bati, hazikufika juu, kwa hiyo tuligawana sauti zote. Nilijua nani amekula maharage na nani amegombana na mumewe. Jioni nikichochea jiko langu la mafuta ya taa niliwasikia majirani wakinijadili bila hata kushusha sauti. "Mchumba wake fundi," alisema mama wa chumba cha pili. "Na yeye anauza spea. Hapo si wamekamilika?" Mwenzake akacheka kicheko ambacho sikukipenda. Niliendelea kupika makande yangu, lakini lile neno la kukamilika lilinikaa kichwani. Sikuwa nimewahi kuutazama uchumba wangu kwa jicho la mtu wa upande wa pili wa ukuta.

Basi ndipo akaja Mzee Ombeni na gari lake. Mzee Ombeni alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa Machame, na mzee wa kanisa letu, anayekaa benchi la mbele kabisa. Alikuwa amenunua gari la michezo kwa mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliyekuwa anarudi kwao: jekundu, milango miwili, pua ndefu, limelala chini kiasi kwamba akishuka ilibidi ajikusanye kwanza. Lilikuwa na umri wa kutosha kupata kipaimara, lakini alilipenda kupita kiasi. Tatizo lilikuwa moja. Injini ikishapata joto kwenye mlima, ilianza kukosa moto, inakohoa, inazima. Elisante alilisikiliza, akazunguka nalo, akasema koili imechoka. Koili ni kopo dogo la chuma lenye nyaya zilizosokotwa ndani ya mafuta, na kazi yake ni kuukuza umeme wa betri uwe cheche kwenye plagi. Alimshauri aweke yenye nguvu zaidi, maana ile ya zamani hata ikiwa mpya haiwezi milima yetu. Dukani kwetu tulikuwa nayo moja tu, ya buluu, kwenye boksi lake. Mzee Ombeni aliinusa, akaitikisa sikioni, akainunua kwangu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamsindikiza mpaka kwenye gari, na humo mke wake akatoa chupa ya rangi ya kucha kwenye mkoba wake. Akapaka doa moja jekundu, nene, kwenye ubavu wa koili. Akalipuliza likauka. "Sasa aibe tuone," akasema, huku akinitabasamia vizuri kabisa.

Nilikuwepo siku ya kuifunga, maana ilikuwa Jumamosi mchana na nilikuwa nimempelekea Elisante loshoro, makande ya maziwa mgando, kwenye chupa. Mzee Ombeni alikuwa benchini, miguu imetanuka, mikono juu ya bakora. Koili ikafungwa, doa jekundu likatazama juu. Kisha Elisante akachukua kipande cheupe cha kauri, urefu wa kidole, akakiunga kwenye waya unaokwenda kwenye koili. Mzee akanyanyuka.

"Hicho nacho ni cha nini? Dukani sikukiona."

"Kinapunguza umeme, mzee. Koili hii ina nguvu, bila hiki itajipika. Ni kama breki yake."

"Breki? Nimelipia nguvu, wewe unaniwekea breki?"

"Mzee wangu, niamini."

Mzee Ombeni alikitazama kile kipande cheupe jinsi anavyomtazama mtu anayechelewa kutoa sadaka. Gari likawaka vizuri, akaondoka nalo. Elisante alikula loshoro yake amekaa kwenye tairi, ameridhika, nami nilidhani habari imeishia hapo.

Haikuishia. Mzee Ombeni aliwapakia wakwe zake kuwapeleka Makumira kwenye mahafali, na walipopita Tengeru gari likazima katikati ya barabara. Mkwe mwenyewe alivua koti akasukuma, na viatu vyake vya mahafali vikajaa vumbi mbele ya watu wa soko. Boneti lilipofunguliwa, koili ilikuwa nyeusi, inatiririka mafuta, na doa la rangi ya kucha halikuwepo. Hayo niliyasikia Jumapili iliyofuata, baada ya tangazo letu la pili, nilipokuwa bado nimesimama nje ya kanisa napokea pongezi. Mzee Ombeni alinivuta kando karibu na mlango wa ofisi ya mchungaji. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Binti, mimi si mtoto wa jana. Wewe unauza orijino. Mchumba wako anaichomoa anaweka feki. Kesho ile ile iko kwenye shelfu yenu inauzwa tena. Mmejipanga vizuri."

"Mzee, hapana."

"Doa liko wapi? Mama amepaka kwa mkono wake. Sasa sikia. Koili yangu irudi kabla ya Jumapili ijayo. La sivyo mchungaji akiuliza pingamizi, nitasimama. Kanisa halifungishi ndoa ya wezi."

Nikimkosa Elisante kwa namna ile, mbele ya kanisa zima, nisingepata tena uso wa kuishi Arusha, na yeye asingepata tena mtu wa kukaa kwenye benchi lake. Nilijiambia kwamba mzee amekosea, ni mtu wa kushuku tu, kila mtu anajua. Nilijiambia hivyo mpaka Jumatatu asubuhi. Jumatatu asubuhi nilifungua duka nikakuta kwenye shelfu, mahali pale pale, koili ya buluu. Haikuwa na boksi. Ilikuwa safi, haina doa. Nilimwuliza tajiri wangu imetoka wapi. Alikuwa anakunywa chai, hakuinua hata macho. "Imeletwa," akasema. Nani ameleta? "Wewe kazi yako kuuza au kupeleleza?" Niliichukua nikaikagua nikiwa nimempa mgongo, nikainusa. Ndiyo, niliinusa, mimi niliyekuwa nawacheka wateja. Nilitafuta harufu ya rangi ya kucha, au ya ile dawa ya kuiondolea. Nilisikia harufu ya chuma tu, na pengine kitu kingine, na mpaka leo siwezi kusema kama kile kitu kingine kilikuwa kwenye koili au kichwani kwangu.

Wiki ile sikuwa na raha. Nilimtazama Elisante alivyokuwa akifuta mikono, alivyokuwa akihesabu spana zake, alivyokuwa akilifunga sanduku lake la kijani kwa kufuli kila akiinuka kwenda kunywa maji. Alikuwa amelifunga hivyo tangu nilipomjua, wezi wa spana walikuwa wengi Sakina, na mimi mwenyewe ndiye niliyemnunulia kufuli lile. Sasa mlio wake ulinikera. Nilikumbuka maneno ya ukutani: wamekamilika. Nilijiuliza kwa nini alinisisitizia nimuuzie mzee koili ile na si nyingine, nikasahau kwamba haikuwepo nyingine. Shaka ina njaa, inakula chochote ulichonacho, hata yale mapenzi yako. Alhamisi jioni nilikwenda chumbani kwake Ngarenaro. Alikuwa ameivisha ndizi na utumbo, chumba kimejaa mvuke, na alinikaribisha kwa furaha kama kawaida. Nikala kidogo. Nikashindwa kujizuia.

"Elisante, mzee anasema atasimama Jumapili."

"Nimesikia. Amekuja mpaka gereji."

"Na dukani imeletwa koili. Kama ile ile. Tajiri hasemi imetoka wapi."

Aliacha kutafuna. Alinitazama, na niliona wazi jinsi uso wake ulivyobadilika, kwa sababu alielewa kwamba sikuwa nampa habari, nilikuwa namuuliza. Hakupandisha sauti. Aliinuka, akalivuta sanduku la vifaa mpaka miguuni kwangu, akachomoa ufunguo kwenye kamba aliyovaa shingoni, akauweka kwenye kiganja changu.

"Fungua uangalie."

"Sikusema..."

"Najua hukusema. Fungua tu, Ndeshi. Ukikuta kitu, usije Jumapili."

Ufunguo ulikuwa na joto la kifua chake. Nilitaka kufungua. Nasema ukweli, nilitaka sana, na sikuwa na hakika ya kitakachokuwemo. Lakini niliutazama ule ufunguo, nikaona mbele yangu maisha yangu yote na mwanaume huyu, mifuko yake, kabati lake, safari zake, na mimi niko juu ya benchi namchunga kama mwenye gari. Nikifungua leo nitafungua mpaka nizeeke. Nikamrudishia. "Sifungui," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia. "Kama umeiba, utakuwa umeniibia mimi. Chakula kinapoa." Alisimama na ule ufunguo mkononi bila kujua auweke wapi. Kisha akakaa, tukala mpaka sahani zikaisha. Nilirudi Kaloleni nikiwa bado na shaka. Watu hudhani kumwamini mtu ni kuacha kuwa na shaka. Usiku ule nililala nayo kitanda kimoja, ila sikuipa ufunguo.

Jumamosi mchungaji alituita wote nyumbani kwa Mzee Ombeni, Njiro, tuzungumze kabla mambo hayajafika madhabahuni. Nyumba ilikuwa na sebule ya mazulia mawili, moja juu ya jingine, na kabati kubwa la vioo lenye vyombo vya harusi ambavyo havijawahi kutumika. Wanaume wakakaa sebuleni. Mimi, kama ilivyo desturi, nikapita moja kwa moja jikoni kusaidia, hata kama mwenye jiko ndiye mshitaki wangu. Mama Ombeni alikuwa anakoroga machalari ya ndizi na nyama, jasho linamtoka, na alinipa kisu cha kukatia kachumbari bila kunitazama. Msichana wa kazi akauliza atoe sahani zipi. "Zile za kabatini, leo kuna mchungaji," akasema mama. "Lakini ile sehemu ya chini usiguse, ni mahali pa kile kitu cha baba. Alikuwa anakilaza pale kila jioni kama mtoto."

Kisu kilisimama mkononi. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kitu gani, mama?"

"Si koili yenyewe! Mzee alikuwa anaing'oa kila akirudi, anailaza ndani, asubuhi anairudishia. Alisema usiku mafundi huwafuata wateja mpaka nyumbani. Ruwa, Mungu wangu! Mafuta yamenichafulia mpaka kitambaa changu cha kudarizi."

Nilisema nitakwenda kuleta sahani mimi. Sebuleni Elisante alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti. Nikachuchumaa mbele ya kabati, nikafungua mlango wa chini. Palikuwa na kitambaa cheupe chenye maua, na katikati yake duara la mafuta, kubwa sawasawa na kitako cha koili. Pembeni yake palikuwa na bakuli la sukari lenye mfuniko wa dhahabu, na sijui kwa nini niliinua ule mfuniko. Ndani, kwenye bakuli ambalo halijawahi kuona sukari, kilikuwa kimelala kile kipande cheupe cha kauri. Nikakiweka juu ya sahani ya kwanza, nikaibeba ile sahani kwa mikono miwili, nikaitua mezani mbele ya mchungaji kama mtu anayeandaa chakula.

"Nini hiki?" akauliza mchungaji.

Nilimwachia mwenye nyumba ajibu. Mzee Ombeni alikitazama, shingo ikaanza kupata rangi. "Hiyo ni breki," akasema. "Fundi alinichomekea ili gari lirudi kwake kila wiki. Nikaitoa, nikaunga waya mwenyewe. Na gari lilikimbia! Lilikimbia kuliko siku zote!"

"Lilikimbia, mzee," akasema Elisante polepole. "Lilikuwa linajipika." Akaomba ile koili iliyoungua. Ikaletwa ndani ya gazeti. Aliigeuza akapitisha ukucha kwenye mkunjo wa chini, pale kopo linapokutana na kitako, akachokoa masizi, akamnyooshea Mama Ombeni aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko. Kwenye mkunjo, kidogo kama punje ya mtama, kulikuwa na wekundu uliotiririka ukakwama. Joto na mafuta vilikuwa vimebeba mengine yote.

"Hiyo ni rangi yangu," akasema Mama Ombeni. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba, hiyo ni rangi yangu."

Nilimsubiri Mzee Ombeni aombe radhi, na nadhani hata mchungaji alimsubiri. Mzee aliitazama ile koili, akamtazama Elisante, akanitazama mimi, kisha akavuta kiti chake karibu na meza. "Tule," akasema, "machalari yanapoa." Akamtilia Elisante nyama kwa mkono wake, kipande kikubwa kuliko cha mchungaji. Hicho ndicho tulichopata, na Elisante alikila chote. Mimi nilikuwa na hasira na furaha pamoja, na chini yake aibu ya kwamba nilikuwa nimeinusa ile koili ya dukani. Ile ya dukani, kwa njia, ilinunuliwa na dereva mmoja wa watalii, na sikuwahi kujua ilikotoka. Miaka ile vitu vingi vilitokea kwenye shelfu bila historia.

Jumapili tangazo la tatu likasomwa. Mchungaji akauliza kama yupo mwenye pingamizi, akanyamaza. Mzee Ombeni alikaa kimya benchi la mbele, kisha akageuka taratibu na kulitazama kanisa zima nyuma yake, mstari kwa mstari, kuhakikisha hakuna mwingine anayetaka kusimama. Wiki iliyofuata alinunua koili nyingine kwangu, akainusa kama kawaida, na akarudi kwenye benchi la Elisante, safari hii akakaa karibu zaidi.

Na jioni ya ile Jumapili nilipita Ngarenaro. Sanduku la kijani lilikuwa mahali pake, lakini kufuli halikuwepo. Niliuliza. Elisante alisema banda la kuku la mwenye nyumba lina mlango mbovu, kwa hiyo kufuli amelifungia huko. Aliibiwa spana mara nyingi baada ya hapo. Alinunua nyingine, akaziweka ndani ya sanduku lile lile, wazi, gerejini mchana na nyumbani usiku, mpaka wiki hii tulipomzika chini ya migomba ya baba yake.

Nilirudi sebuleni na maziwa. Nderingo alikuwa amemaliza chai, kikombe amekifunika kwa kisosi, anasubiri.

"Shemeji," nikamwambia, "halina ufunguo. Halijafungwa tangu kabla hatujaoana."

Alinitazama, kisha akawatazama ndugu zake. Akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda kuhakikisha.